Klebsiella sugu wodi ya watoto wachanga: nathibitishaje kwamba mtoto ameipata hospitalini?

Mtafiti_Upanga

Wakuu na wataalamu wa maabara, habari za kazi. Naandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Mada ni bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae inayozalisha vimeng'enya vya ESBL (vinavyovunja antibayotiki), ile ambayo ampisilini na seftriaksoni haziigusi, katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Wodi inapokea waliozaliwa palepale na wanaoletwa kutoka vituo vya afya na zahanati za pembezoni. Siku zikijaa, kitanda kimoja kinalaza watoto wawili au watatu.

Nimefikiria kuingia wodini siku moja, kuchukua swabu kwenye vitanda, mabomba, meza ya kufufulia watoto na mikono ya wahudumu, kisha swabu ya njia ya haja kubwa ya kila mtoto aliyelazwa siku hiyo. Vyote naviotesha na kulinganisha. Msimamizi wangu kaniuliza: ukikuta Klebsiella kwenye bomba na ukaikuta kwa mtoto, umethibitisha nini?

Naomba msaada. Muundo gani wa utafiti utaniwezesha kusema mtoto huyu kaipata wodini na hakutoka nayo kwa mama yake? Sampuli ngapi zinatosha? Hatua za maabara naziomba kwa undani, maana maabara nitakayotumia ina otokilevu, inkubeta na friji lakini haina mashine ya kutambua vimelea yenyewe. Na waliozoea kazi za wodini wanielekeze pa kuchukulia swabu, nisije nikamalizia sahani za kuoteshea kwenye kuta na madirisha.

Hesabu_za_Wodi

Mkuu, msimamizi wako kagusa penyewe. Sampuli za siku moja zinaonyesha kwamba kimelea kipo, basi. Hazisemi kilianzia wapi. Mtoto anaweza kuwa amekuja nacho kutoka kwa mama au kutoka zahanati alikozaliwa, halafu mikono ya watu ikakipeleka kwenye bomba. Au bomba ndilo lililoanza. Kwenye daftari lako hali hizo mbili zitaonekana sawasawa. Kinachozitenganisha ni muda, yaani nani alikuwa nacho kwanza, na muda huwezi kuupata kwa kuingia wodini mara moja.

Kwa hiyo fanya utafiti wa kufuatilia. Kila mtoto anayelazwa achukuliwe swabu ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya 3, siku ya 7, halafu kila wiki, na siku ya kuruhusiwa. Aliyekuwa hasi mwanzoni kisha akawa chanya baada ya saa 48 au zaidi ndiye unayeweza kumwita ameipata wodini. Aliyekuwa chanya tangu mwanzo muweke kundi lake. Huyo naye ana thamani kubwa kwa sababu ndiye anayeingiza kimelea wodini.

Mama naye achukuliwe swabu, ikiwezekana kabla ya kujifungua au siku ileile. Ukiiacha, msomaji yeyote makini atakuuliza kama mtoto hakuipata njiani wakati wa kuzaliwa, na hutakuwa na la kumjibu. Halafu andika kwenye fomu kama mtoto amezaliwa hapo au ameletwa, na kama ameletwa, alikaa wapi na kwa saa ngapi. Mtoto aliyekaa siku mbili kituo kingine, akachomwa kanula huko, kisha akaletwa kwako na kuwa chanya siku ya kwanza, kaipata kwenye huduma za afya lakini hakuipata kwenye wodi yako. Hayo ni majibu mawili tofauti na kila moja lina kazi yake.

Angalizo kuhusu ile kanuni ya saa 72. Vitabu vingi vinasema sepsisi ya mtoto mchanga ikianza kabla ya saa 72 imetoka kwa mama, ikianza baadaye imetoka kwenye mazingira. Kanuni hiyo ilitungwa mahali ambapo tatizo kubwa la siku za mwanzo lilikuwa streptokokasi za kundi B. Kwenye wodi iliyojaa, yenye Klebsiella, mtoto anaweza kuchafuliwa kwenye meza ya kufufulia dakika chache baada ya kuzaliwa na akaugua siku ya pili. Tumia saa 72 kwa ajili ya kulinganisha na tafiti nyingine, usiitumie kuamua chanzo.

Tenganisha pia kubeba na kuugua. Swabu chanya inasema mtoto amebeba. Kuugua kunataka damu ioteshwe pamoja na dalili. Ukiweza kuunganisha vyote viwili, fanya, kwa sababu uzito wa jambo hili uko kwenye vifo. Utafiti wa Muhimbili wa 2001 hadi 2002, uliochapishwa 2007, ulifuatilia watoto 1,828 waliolazwa mfululizo. Waliokuwa na bakteria wa Gram-hasi kwenye damu walifariki asilimia 43.5, wakati wenye malaria walifariki asilimia 20.2. Wagonjwa wengi wa homa hapa mjini bado wanapimwa malaria tu na damu haioteshwi.

Sasa hesabu. Kama lengo ni kukadiria asilimia ya wabebaji, chukua 1.96 iliyozidishwa kwa yenyewe, zidisha kwa p (kiwango unachokisia) na kwa 1 kutoa p, gawanya kwa d (usahihi unaotaka) iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukikisia asilimia 30 na ukataka usahihi wa asilimia 5 kila upande, unapata 323. Ongeza watakaopotea, mfano asilimia 10, unafika 359. Lakini kama lengo ni visababishi, hesabu hiyo haikufai. Hapo kinachobana ni idadi ya watoto wanaogeuka kuwa chanya. Kadiria angalau 10 kwa kila kisababishi unachoweka kwenye modeli. Visababishi sita vinataka waliogeuka 60, na hao wanatoka tu kwa walioanza hasi.

Kasi iandike kwa siku za wagonjwa. Mfano: watoto 24 wamegeuka katika siku 1,600 za kulazwa, sawa na 15 kwa kila siku 1,000. Mtoto akishakuwa chanya, siku zake zinazofuata hazihesabiwi tena, hayuko kwenye hatari ya kuipata. Hesabu waliolazwa kila siku saa ileile. Usitegemee rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) peke yake, kwa sababu inaandika kuingia na kutoka, na wodi inayolaza watatu kitandani hukosea idadi kwa urahisi.

Jambo la mwisho kwangu ni dawa. Mtoto aliyekaa siku nyingi ana nafasi kubwa ya kupewa meropenemu na pia ana nafasi kubwa ya kugeuka chanya. Ukiandika tu "alipewa, hakupewa", dawa itaonekana ndiyo chanzo hata kama siyo. Andika tarehe na saa ya kila dozi, na kwenye uchambuzi hesabu zile tu zilizotangulia swabu chanya. Kufariki na kuruhusiwa nako kunafunga ufuatiliaji, kwa hiyo modeli iyatambue hayo kama matukio yanayoshindana, isiyachukulie kama mtu aliyepotea tu.

Sahani_ya_Agari

Naongezea upande wa maabara.

Kijiti cha swabu kiloweshwe kwanza kwa maji ya chumvi tasa ya 0.85%. Kwa mtoto mchanga kiingie kama sentimita moja, kizungushwe taratibu, na kitoke na rangi ya kinyesi. Kisichokuwa na rangi kirudiwe. Tia kwenye chombo chenye kihifadhi cha Amies cha kusafirishia swabu na kifike maabara ndani ya saa 24, kwenye kibebeo chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8. Kwa foleni zetu na joto la mchana, swabu iliyoachwa ndani ya gari inaruhusu bakteria wenye kasi kuwameza wengine, na unachokihesabu maabara siyo kilichokuwa kwa mtoto. Chupa za damu ni kinyume chake: hizo zisiguse friji kabisa, zikae joto la chumba mpaka zifike kwenye inkubeta. Damu ya mtoto mchanga iwe mililita 1, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ngozi ikiwa imesafishwa kwa spiriti ya 70% na kuachwa ikauke yenyewe. Kuifuta kwa pamba ili ikauke haraka ndiko kunakokuletea staphilokokasi wa ngozi kwenye chupa.

Kwenye nyuso za vitu tumia kiolezo cha sentimita 10 kwa 10. Na hapa ndipo tafiti nyingi za mazingira zinapoharibikia: kama wodi inasafishwa kwa klorini, kijiti kinaondoka na mabaki ya klorini, na klorini hiyo inaendelea kuua ndani ya chupa yako. Unapata hasi, unaandika kwamba wodi ni safi. Tumia brothi yenye kizimuo, yaani sodiamu thayosalfeti, au ile ya Dey-Engley inayozima aina nyingi za viua vijidudu. Chukua sampuli asubuhi kabla ya usafi, na uandike saa.

Kwa swabu za watoto usiende moja kwa moja kwenye sahani. Mtoto wa siku ya kwanza ana bakteria wachache mno tumboni, na ukikosa wale wachache utasema "alianza hasi" wakati siyo kweli, kisha utafiti wako wote unaegemea uongo huo. Weka swabu kwenye mililita 10 za brothi ya soya yenye sefotaksimu 1 mg kwa lita, ilale usiku kucha nyuzi 35, kesho yake ndipo uchore kwenye sahani. Kuipata 1 mg kwa lita ni rahisi: tengeneza akiba ya 1 mg kwa mililita, chukua mikrolita 10 kwa kila mililita 10 za brothi.

Sahani ni MacConkey yenye sefotaksimu 1 mg kwa lita. Mililita 1 ya akiba ileile kwa lita 1 ya agari. Agari ikitoka otokilevu isubiri ipoe hadi nyuzi 50 hivi kabla hujatia dawa. Ukitia ikiwa ya moto dawa inaharibika na kila kitu kitaota. Tumia unga wa maabara wenye nguvu iliyoandikwa, ufanye hesabu kwa nguvu hiyo. Kila mara ukimwaga sahani mpya, zijaribu kwa bakteria wawili wa rejea: E. coli ATCC 25922 isiote, K. pneumoniae ATCC 700603 iote. Ikiwa ile ya kwanza imeota, mwaga sahani zote bila huruma. Weka pia MacConkey ya kawaida isiyo na dawa, na upande huo uchore kutoka kwenye swabu kabla hujaiweka kwenye brothi yenye dawa. Swabu ya mtoto wa wiki moja isipootesha chochote hata hapo, swabu yenyewe ilikuwa mbovu. Kwa mtoto wa siku ya kwanza usitumie kipimo hicho, tumbo lake linaweza kuwa bado tupu kweli.

Klebsiella inatoka na makoloni makubwa ya waridi yenye ute. Usichague moja ukaondoka. Chukua angalau matatu, na kama yanatofautiana kwa sura chukua ya kila sura, maana mtoto mmoja anaweza kubeba koo mbili. Bila mashine, utambuzi unafanyika vizuri tu kwa mirija: oksidesi hasi, indoli hasi, sitreti chanya, yurea chanya lakini ya polepole, haitembei, na agari ya TSI (ya sukari tatu na chuma) ya njano juu na chini pamoja na gesi. Indoli ikiwa chanya fikiria Klebsiella oxytoca.

Kipimo cha dawa kwa diski. Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4, ambayo ni mililita 25 hivi kwenye sahani ya milimita 90. Pima kwa silinda, usikadirie kwa macho. Agari nyembamba inaruhusu dawa isambae mbali, duara lisilo na bakteria kuzunguka diski linapanuka, kimelea sugu kinasomeka kama kinasikia dawa. Bakteria wakizidi kiwango cha McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko) kosa linageukia upande wa pili. Tumia mchanganyiko wako ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, ingiza inkubeta ndani ya dakika 15 nyingine. Diski tano zinatosha kwa sahani moja. Soma baada ya saa 16 hadi 18.

Kwa viwango vya CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara), seftazidimu milimita 22 au pungufu, au sefotaksimu 27 au pungufu, inatosha kushuku ESBL. Kuthibitisha, weka kila moja kwa jozi: yenye klavulaneti (kizuizi cha ESBL) na isiyo nayo. Duara likiongezeka milimita 5 au zaidi upande wa klavulaneti, ni ESBL. Kuna wanaozalisha pia kimeng'enya kingine, AmpC, na hao wanaficha ongezeko hilo, kwa hiyo weka na diski ya sefoksitini. Ikiwa nayo ni sugu, andika kwamba kipimo hakikutoa jibu, usiandike hasi.

Meropenemu ya mikrogramu 10 ikitoa milimita 22 au pungufu, fanya kipimo cha mCIM, kinachoonyesha kama kimelea kinavunja meropenemu. Ni cha bei nafuu na hakihitaji mashine. Chukua kitanzi cha mikrolita 1 cha kimelea, koroga kwenye mililita 2 za brothi ya soya, zamisha diski ya meropenemu, acha nyuzi 35 kwa saa 4. Toa diski, iweke kwenye Mueller-Hinton iliyopakwa E. coli ATCC 25922, ilale usiku kucha. Duara la milimita 6 hadi 15 maana yake kimelea kimeila dawa. 19 au zaidi hakikuila. Katikati hapo rudia. Kolistini usiipime kwa diski hata ukibembelezwa, molekuli yake haisambai vizuri kwenye agari na majibu yatamdanganya daktari.

Unyevu wa Dar ni adui wa diski, hasa zenye klavulaneti. Akiba ikae nyuzi 20 chini ya sifuri, inayotumika ikae friji ndani ya chombo chenye vifyonza unyevu, na ukiitoa iache ifike joto la chumba kabla ya kufungua. Ukifungua ikiwa ya baridi, mvuke unaganda juu ya diski na dawa inaanza kufa siku hiyohiyo. Umeme ukikatika usiku, sahani zilizokuwa kwenye inkubeta zirudiwe. Weka kipimajoto chenye kumbukumbu ya chini na juu ili ujue kama ulikatika wakati hukuwepo.

Muuguzi_Kinga

Mdogo wangu, achana na kuta na madirisha. Fuata mahali penye maji na mahali penye mikono.

Penye maji anza na chupa za maji ya oksijeni, zile za kupitishia mapovu. Nyingi zinajazwa juu ya maji ya jana. Kisha mashine za kufyonza ute na mipira yake, ambubegi na barakoa zake hasa pale ndani kwenye vali, mdomo wa bomba na tundu la sinki, ndoo na dekio. Chupa ya sabuni ya maji usiisahau. Sabuni inayoongezewa maji na kujazwa bila chupa kuoshwa inaotesha Klebsiella, Serratia na Pseudomonas, na kila anayenawa anajipaka. Penye mikono ni mizani, vipimajoto, vikombe vya kulishia, ukingo wa kitanda, milango ya mikono ya inkubeta, na simu.

Halafu kuna dripu. Chukua sampuli ya maji yenyewe, usiishie kwenye mpira. Klebsiella na Enterobacter wanazaliana vizuri ndani ya dekstrosi ya 5% kwenye joto la chumba bila maji kubadilika rangi. Wodi ambayo chupa moja ya mililita 500 inagawiwa watoto wengi kwa sindano, ikiachwa imetobolewa mchana kutwa, inaweza kuwa na chanzo kimoja kinachochoma moja kwa moja kwenye damu. Vivyo hivyo kichupa cha gramu 1 cha seftriaksoni kikichanganywa na kugawanywa kwa watoto kadhaa. Ukiona watoto watatu wanaugua ndani ya siku mbili na wote wana kanula, anza na dripu kabla ya kitu kingine. Fomu yako iwe na namba ya toleo ya kila chupa na saa iliyofunguliwa.

Andika pia jinsi klorini inavyochanganywa, kwa sababu matokeo ya swabu hayaeleweki bila hiyo. Jik ya 3.5% ukitaka 0.5% kwa damu na uchafu wa mwili ni kipimo kimoja kwa sita vya maji. Ukitaka 0.1% kwa nyuso za kawaida ni kimoja kwa 34. Unga wa HTH wa 70% ni gramu 7 kwa lita kupata 0.5%. Ichanganywe kila siku. Chupa iliyokaa juani imeshapoteza nguvu hata kama lebo inasema 3.5. Na sehemu ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, maana kinyesi na damu vinaimaliza klorini kabla haijafika kwa bakteria. Wodi zinazolowesha vifaa vichafu kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuosha zinafuata mtindo ambao mwongozo wa WHO wa 2016 umeuacha: unaharibu chuma na kugandisha protini. Vioshwe kwanza, kisha vitakaswe.

Usafi wa mikono usiupime kwa kukaa na kuangalia peke yake, watu wanabadilika wakiona daftari. Pima lita za kitakasa mikono zilizotumika. WHO inataka angalau lita 20 kwa siku 1,000 za wagonjwa. Kama hospitali inajitengenezea, lita 10 ni mililita 8,333 za ethanoli ya 96%, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya 3%, mililita 145 za glisaroli, kisha ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita 10. Ikae saa 72 kabla ya kutumika ili ile peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizokuwa kwenye chupa. Pima kwa kipima spiriti, iwe kati ya asilimia 75 na 85. Ikiwa 60, na inatokea pale spiriti inaponunuliwa bila cheti, hapo una jibu la sehemu ya tatizo.

Mtafiti_Upanga

Shukrani sana dada, shukrani wakuu. Nimebadilisha muundo uwe wa kufuatilia, na mama ameingia. Yamebaki mawili. Bajeti haifikii kusoma jenomu za vimelea vyote, je, kufanana kwa majibu ya diski kunatosha kusema mtoto na dripu wana kimelea kimoja? Na nikimkuta mtoto amebeba lakini haumwi, nimwambie daktari aanze dawa?

Sahani_ya_Agari

La kwanza, hapana. Kwenye wodi inayotumia dawa zilezile, Klebsiella nyingi zina majibu yanayofanana ingawa hazina undugu. Tofauti ya diski inaweza kukusaidia kutilia shaka undugu, kufanana hakuthibitishi undugu. Na hata kutofautiana kusikudanganye sana, kwa kuwa plasmidi (kipande cha DNA kinachohama kati ya bakteria) yenye jeni la ESBL liitwalo CTX-M-15 inaweza kuruka kutoka Klebsiella kwenda E. coli, wodi ikawa na mlipuko wa plasmidi wakati wewe unatafuta mlipuko wa bakteria.

Kwa bajeti ndogo, pitisha vyote kwenye ERIC-PCR (kipimo kinachotoa mistari ya DNA ya kila kimelea), inayohitaji mashine ya PCR ya kawaida na jeli. Endesha vimelea unavyolinganisha kwenye jeli moja, siku moja. Mistari ya jeli mbili tofauti hailinganishiki kwa kuaminika. Kisha chagua wachache wa kusomwa jenomu: jozi za mama na mtoto, jozi za mtoto na dripu au sinki, na wachache wasio na uhusiano wowote wa karibu ili wakupe kipimo cha utofauti wa kawaida wa wodi. Bila hao wa mwisho hutajua tofauti ndogo ya jenomu ni ndogo kiasi gani.

Hesabu_za_Wodi

La pili: mtoto aliyebeba na haumwi hapewi antibayotiki. Dawa haiondoi kimelea tumboni, inawaua waliokuwa wanakizuia na kukiachia nafasi. Kinachofanyika ni tahadhari za mguso, kitanda chake peke yake ikiwezekana, na vifaa vyake visizunguke. Taarifa iingie kwenye faili hata hivyo, kwa sababu akija kuugua, daktari akijua alibeba ESBL hatapoteza saa 48 za kwanza na seftriaksoni. Weka utaratibu huo kwenye andiko, ueleze nani anapokea jibu na ndani ya saa ngapi. Kamati ya maadili italiuliza hilo kabla ya kitu kingine. Swabu za mikono ya wahudumu ziwe na namba tu, bila jina wala zamu inayomtambulisha mtu, la sivyo watakataa na watakuwa na haki.

Sahani_ya_Agari

Na vimelea vyote, hata vile unavyoviona havina maana leo, vihifadhi kwenye brothi ya soya yenye glisaroli 20%, mirija miwili kwa kila kimoja, nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye majokofu mawili yasiyotumia njia moja ya umeme. Kwenye fomu ya ridhaa ya mama andika kwamba kimelea kinaweza kuhifadhiwa na kusomwa jenomu baadaye. Kama usomaji utafanyika nje ya nchi, anza mapema mkataba wa kuhamisha sampuli unaopitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), maana bila huo mirija haiondoki.